Kiti Mwendo na Baiskeli: Tusivichanganye

Juzi kwenye hafla ya kukabidhi misaada mshereheshaji alitangaza "baiskeli ishirini za walemavu". Turubai lilipofunuliwa nikaona viti mwendo ishirini, vyote vya kipimo kimoja. Kauli hiyo nimeisikia redioni, hospitalini na hata kwa ndugu zangu, na sasa naomba tuizungumze.

Kiti mwendo ni kiti: unasukumwa, au unasukuma mwenyewe kwa viganja. Baiskeli huendeshwa kwa kuzungusha krenki, yaani vyuma vinavyoshika pedeli au vishikio, nguvu ikapita kwenye cheni hadi gurudumuni. Baiskeli iliyorekebishwa ni baiskeli hiyo hiyo, ila imeundwa kufuata mwili wa mtu ambaye ya kawaida inamshinda. Basi.

Wapo wanaobisha kwamba chenye magurudumu matatu hakiwezi kuitwa baiskeli, kwa kuwa "bi" ni mbili kwa Kilatini, na "kyklos" ni gurudumu kwa Kigiriki. Hiyo ni hesabu ya Waingereza. Kiswahili kilipolipokea neno kililimeza zima; hakuna anayesikia "mbili" ndani ya baiskeli, ndiyo maana tunasema baiskeli ya magurudumu matatu bila kujikwaa. Na kwa historia, matatu yalitangulia. Stephan Farffler, fundi saa wa Altdorf karibu na Nuremberg, Ujerumani, ambaye hakuweza kutembea, alijiundia kigari cha magurudumu matatu mwaka 1655 na kukiendesha kwa kuzungusha vishikio kwa mikono. Kigari cha magurudumu mawili cha Mjerumani Karl Drais, kilichozaa baiskeli ya leo, kilikuja mwaka 1817, tena bila pedeli.

Kinachoniuma zaidi ni hilo "za walemavu". Linamtaja mwenye chombo bila kusema chombo kikoje, nasi tunaamini lipo umbo moja linalowafaa wote. Aliyepata kiharusi cha upande mmoja huhitaji magurudumu matatu asianguke, na breki zote zifungwe kwenye kishikio kimoja, upande wenye nguvu. Mwenye goti lisilokunja vizuri huenda akabaki na magurudumu yake mawili, akafupishiwa krenki ya mguu huo tu. Aliyepooza miguu huendesha kwa mikono, na hapo fundi aliyezoea pedeli anaweza kukosea kwa kupanga vishikio kimoja juu, kingine chini. Krenki ikiwa imefungwa kwenye gurudumu la mbele, ambalo ndilo linalokata kona, kusukuma kwa zamu kunauyumbisha usukani. Kwa hiyo mara nyingi vishikio hupangwa sambamba, mikono yote miwili ikasukuma na kuvuta pamoja. Ukifika Goma nchini Kongo, mpakani na Gisenyi ya Rwanda, utaona wafanyabiashara wenye ulemavu wakivusha shehena kwa baiskeli za mikono. Kwao nafasi ya mzigo ni muhimu kama kiti chenyewe.

Mshereheshaji wetu alikuwa na nia njema, sina shaka. Safari nyingine aseme tu "viti mwendo ishirini". Na atakapokuja mtu anayetaka baiskeli hasa, kabla fundi hajakata chuma amwulize: mkono upi una nguvu, goti linakunja hadi wapi, na unakwenda nayo wapi kila siku?