Mtoto aliyepandikizwa ini: dhana potofu kuhusu kufuatilia virusi

Dhana: Mtoto asiye na homa hana haja ya kupimwa virusi.

Virusi vya Epstein-Barr na sitomegalovirusi vinaweza kuongezeka katika damu kabla dalili yoyote haijaonekana, na ndiyo maana damu hupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi, hata mtoto akiwa anakula na kucheza vizuri. Watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani wamebeba virusi vya Epstein-Barr vilivyojificha mwilini. Kwa hiyo ini la mtu mzima, hata likitoka kwa mzazi mwenyewe, mara nyingi huja na virusi hivyo katika mwili mchanga ambao haujawahi kuvikabili, tena wakati ambapo kinga yake imepunguzwa kwa dawa ili ini lisikataliwe. Mtoto wa namna hiyo ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Dhana: Kiwango cha virusi kikipanda, ni saratani.

Hofu hii inaeleweka, kwa kuwa Epstein-Barr huweza kuzifanya chembe fulani za damu nyeupe ziongezeke ovyo hadi kuwa limfoma, yaani saratani ya chembe hizo. Hata hivyo, jibu moja halitoshi kusema hivyo. Wapo watoto wanaokaa na kiwango cha juu kwa miezi mingi bila kuugua. Daktari hutazama mwelekeo wa majibu kadhaa, ikiwezekana ya maabara ileile na ya sampuli ya aina ileile, kwa sababu damu nzima na plazima (sehemu ya majimaji ya damu) hazitoi kiwango sawa, kisha humchunguza mtoto mwenyewe. Hapo mzazi ana mchango ambao hakuna mashine inayoweza kuutoa: mtoto aliyekuwa akilala kimya akianza kukoroma, huenda mafindofindo yamevimba, na daktari anapaswa kuambiwa.

Dhana: Virusi vikionekana, mzazi apunguze dawa zinazoshusha kinga.

Kupunguza dawa kama takrolimasi ni hatua ya kweli ya matibabu, lakini huamuliwa na madaktari huku vipimo vya ini vikirudiwa, kwani dozi ikishuka kupita kiasi ini linaweza kukataliwa.

Dhana: Dawa ya kuzuia sitomegalovirusi ikiisha, hatari imekwisha.

Dawa hiyo, valgansaiklovia, huzuia virusi visizaliane, wala haiviondoi mwilini. Ugonjwa mara nyingi hujitokeza katika miezi inayofuata baada ya dawa kusimamishwa, kwa hiyo miadi ya kupima damu ya kipindi hicho isiachwe.