Gesi kwenye mvinyo wa nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu aliyezoea mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hana ugomvi na povu. Mbege hunywewa ikiwa bado inachacha, na gesi ni sehemu ya utamu wake. Mvinyo wa ndizi au wa rozela ni habari nyingine: gesi iliyobaki huuma ulimini, hufunika harufu ya tunda, na viputo vyake huinua mashapo kila yanapotaka kutulia, hivyo mvinyo hauwi safi hata ukiuwekea dawa ya kutulizia.

“Mrija wenye maji juu ya ndoo, wa kutolea gesi, umeacha kutoa mapovu, basi gesi imeisha.”
Mapovu yakikoma ujue tu hamira imepunguza kasi. Mvinyo wenyewe bado umeshiba kaboni dioksidi, kama gramu 1.5 kwa lita kwenye nyuzi 20. Baridi huishika zaidi: kwenye nyuzi 10 kiasi hicho huongezeka kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana ndoo iliyokaa sakafuni Arusha mwezi wa Julai ni kaidi kuliko ya Moshi mjini mwezi wa Februari. Mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi, hupunguza gesi inayobaki kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Tanga, lakini baridi ya Julai huimeza faida hiyo. Ipashe ndoo hadi nyuzi 21–24 kwanza, kwa kuihamishia chumba chenye joto.

“Chupa hupasuka kwa sababu gesi haikutolewa.”
Hii ndiyo hatari kuliko zote. Gesi iliyobaki baada ya kuchacha huleta vijipovu, na pengine kizibo kusukumwa. Kinachopasua chupa ni sukari ambayo hamira inaendelea kuila ndani yake. Gramu 4 za sukari kwa lita huzaa shinikizo la takriban anga moja, yaani sawa na shinikizo la hewa ya kawaida. Watengeneza shampeni huongeza gramu 24 hivi kwa lita wapate anga 6, na chupa zao ni nene makusudi. Chupa ya kawaida yenye gramu 20 zilizosahaulika ni bomu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa gesi, pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, siku tatu mfululizo. Kipimo kisibadilike, na kwa mvinyo mkavu (usiobaki na utamu) kiwe 0.998 au chini. Izungushe haidromita kwa vidole kwanza, maana viputo hung'ang'ania ubavuni na kuinyanyua, ukasoma sukari isiyokuwepo. Anayetaka kuongeza utamu baadaye aweke metabisalfaiti (dawa ya kuhifadhi mvinyo) pamoja na sobeti ya potasiamu (dawa ya kuzuia hamira isizaliane), hiyo sobeti gramu 0.2 kwa lita. Sukari peke yake itaamsha hamira.

“Koroga kwa nguvu, itatoka yote.”
Itatoka, na nusu ya mvinyo itamwagika nayo. Uhamishe kwanza kwa mpira, uache mashapo chini, kisha bakiza nafasi ya kiganja juu. Kwa lita 20 weka metabisalfaiti ya potasiamu robo kijiko cha chai (gramu 1.4 hivi) kuukinga na hewa. Tumia mwiko mrefu uliosafishwa, au drili yenye fimbo ya kukorogea. Anza polepole dakika moja, geuza upande, pumzika povu lishuke, rudia. Ukiona shimo la kimbunga katikati, punguza kasi: hapo unaingiza oksijeni, na mvinyo utageuka kahawia na kupoteza ladha.

Kujua kama gesi imeisha, jaza kichupa nusu kwa mvinyo huo, ziba kwa kidole gumba, tikisa, achia. Kikipumua “pwaa”, gesi bado ipo.

“Uchemshe kidogo.”
Hapana. Utapoteza harufu na kilevi pamoja.

“Pampu ya kuvuta hewa inafaa chombo chochote.”
Inafaa chupa kubwa ya kioo nene isiyo na ufa. Ndoo na madumu ya plastiki hujikunja, na kioo chembamba kinaweza kuvunjikia ndani. Vaa miwani.

“Usipotoa gesi mvinyo umeharibika.”
Asiye na haraka hahitaji drili. Mvinyo ukikaa miezi 6 hadi 12 kwenye chombo kilichojazwa hadi shingoni, chini ya mrija wenye maji, na kuhamishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, gesi nyingi huondoka yenyewe. Kukoroga ni kwa anayetaka kujaza chupa mapema, na mrija ule usiachwe ukakauka.