Nakisi na China: maneno ya Kibirizi na hesabu zenyewe

Kaa Kibirizi, bandari ya boti pale Kigoma, saa moja ukisubiri boti ipakie, utamsikia mtu: "Wachina wanatudai." Pikipiki zao, sola zao, simu zao. Sisi tunawapelekea nini, ufuta? Basi tunadaiwa.

Hatudaiwi, walau si kwa sababu hiyo. Nakisi ya biashara ni kiasi tu ambacho thamani ya tulichonunua kwa nchi fulani inazidi thamani ya tulichoiuzia. Aliyeagiza kontena la pikipiki kalilipia. Mkopo ni habari nyingine: una mkataba na riba, na una daftari lake.

Wengine husema mwenye nakisi kaibiwa. Haya, geukia Ziwa Tanganyika. Saruji na unga vinavuka kwenda Kalemie na Uvira kule Kongo, na Bujumbura kule Burundi, na Tanzania inaiuzia Burundi zaidi kuliko inavyonunua kwake. Kwa hiyo Mrundi ana nakisi nasi. Muulize muuza saruji wa Kigoma kama anamwibia, atakucheka. Mwenzake anajenga, yeye anapata hela.

Ngumu zaidi kueleweka ni hii ya kwamba lazima tulingane na kila nchi. Mama wa dagaa pale Katonga ananunua nyavu kwa mtu ambaye hajawahi kununua dagaa wake hata kisado kimoja. Ana nakisi naye miaka yote, na biashara inakwenda, kwa sababu dagaa wananunuliwa na wengine. Tanzania nayo dhahabu yake inaiuza Afrika Kusini, India na Uarabuni, na watalii wanaleta dola ambazo hesabu ya bidhaa haizioni kabisa. Hizo ndizo zinazoagiza mzigo Guangzhou, kule China.

Halafu si kila kinachotoka China ni ndoo za plastiki. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni za Kichina. Mtambo wowote ukiagizwa kwao, nakisi inapanda.

Na mlango haujafungwa. Desemba 2022 China iliondoa ushuru kwa asilimia 98 ya aina za bidhaa zinazotoka Tanzania, na tangu Desemba 2024 kwa aina zote. Kinachokwamisha zaidi ni kupata mzigo wa kutosha na kupita ukaguzi wa ubora.

Ila dola zilipoadimika mwaka 2023, kila mtu alimnyooshea Mchina kidole. Kumbe bei za mafuta na mbolea zilikuwa zimepanda baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022, zikala dola, na mafuta yetu, kwa sehemu kubwa, hatuyanunui China.