Roketi ikilala upande haianguki
Tarehe 14 Machi 2024, kampuni ya SpaceX ilipoirusha roketi yake kubwa, Starship, kwa jaribio la tatu kutoka Texas, Marekani, iliinuka wima, kisha ikaanza kulala kuelekea mashariki, juu ya bahari. Roketi ikifanya hivyo, hawakosekani wanaosema: "Inaanguka hiyo, wanatudanganya."

Haianguki. Kupanda juu tu hakutoshi: hata kwenye kimo cha kilomita 400, mvuto wa dunia ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Rusha jiwe juu, litakurudia utosini. Lirushe mbele kwa nguvu, litakwenda mbali kabla ya kugusa ardhi. Roketi hulala ili isake mbio hizo za mbele, kama kilomita 28,000 kwa saa, hadi dunia inajipinda chini yake kadiri roketi inavyoshuka, kwa hiyo haigusi ardhi.

Starship siku ile ilifika anga za juu kabisa. Ilipotea baadaye, wakati wa kurudi.