"Hii si umekopi tu?" Dhana potofu kuhusu kuazima picha maarufu

Jumapili moja, sebuleni kwetu Magomeni, nilimfunga binti wa dada yangu kilemba cha kanga mbili: ya bluu kichwani, ya manjano ikining'inia nyuma. Nikamweka karibu na dirisha, mwanga umjie kutoka kushoto kwangu, nikamwambia ageuke kama mtu aliyeitwa ghafla. Sikioni alivaa hereni ya plastiki ya Kariakoo. Jina la kanga likaangukia begani, linasomeka lote: "Umdhaniaye ndiye kumbe siye." Picha ilipofika kwenye grupu la mtaa, jirani akaandika: "Kaka, hii si umekopi tu?"

Nimekopi, na sikuficha. Anayemjua yule msichana mwenye hereni ya lulu, aliyechorwa na Mholanzi Johannes Vermeer mnamo 1665 hivi, anaitambua asili papo hapo. Ndivyo nilivyotaka. Ila mjadala uliofuata ulinionyesha kwamba tunaamini mengi yasiyo kweli.

"Msanii wa kweli huanza na karatasi tupu"

Washairi wetu wa pwani wangecheka. Kuna takhmisa: unachukua beti za mwenzako, unaziongezea mishororo yako hadi kila ubeti ufike mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alilifanyia hivyo shairi linalohusishwa na Fumo Liyongo, na hadi leo linasomwa kama Takhmisi ya Liyongo. Hakuna anayemwita mwizi, kwa sababu sauti zote mbili zinasikika. Tena anayefanya takhmisa anajianika: mishororo yake ikiwa butu, kila mtu ataona, maana imekaa bega kwa bega na ile mizuri.

Wachoraji nao ni vivyo hivyo. Mwaka 1863 Édouard Manet wa Ufaransa alichora Olympia, mwanamke aliyejilaza kitandani kwa mkao wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, aliyechorwa na Mwitaliano Titian mwaka 1538. Kwa Titian kuna mbwa amelala miguuni. Manet akaweka paka mweusi aliyekunja mgongo. Venus anatazama kwa upole, Olympia anakukazia macho kama anayekuuliza umeleta shilingi ngapi. Picha hiyo ilipoonyeshwa Paris mwaka 1865 watu walikasirika, na kilichowakera kilikuwa kwenye hayo mabadiliko.

Msichana wa Vermeer naye ameshageuzwa na wengi. Awol Erizku, msanii wa Marekani mzaliwa wa Ethiopia, mwaka 2009 alimpiga picha msichana mweusi kwa mkao uleule, lakini sikioni akaweka hereni kubwa ya dhahabu yenye pingili kama mwanzi, zile za mitaani New York. Kwa hereni moja tu unaanza kujiuliza: kwenye kuta za makumbusho, nani amezoea kutazamwa kama mrembo, na nani hayupo kabisa?

"Ni mambo ya enzi ya simu"

Marcel Duchamp alimchorea Mona Lisa sharubu na kindevu kwenye postikadi mwaka 1919. Tuendelee.

"Ukibadilisha asilimia thelathini uko salama"

Hii naisikia kila kona, hasa kwa wanaochapisha fulana. Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1994, hauna asilimia kama hiyo. Vermeer alifariki mwaka 1675, kwa hiyo picha yake haidaiwi na mtu. Mpigapicha aliye hai ni habari nyingine. Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida moja likamlipa dola 400 ili msanii Andy Warhol aitumie kama kielelezo, kwa matumizi ya mara moja tu. Warhol akatengeneza matoleo mengi. Prince alipofariki mwaka 2016, ruhusa ya kutumia toleo jingine ikauzwa kwa jarida kwa dola 10,000 na Goldsmith hakupata kitu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki Goldsmith kwa kura 7 dhidi ya 2. Majaji hawakupima asilimia ya rangi iliyobadilika. Waliangalia kazi hiyo ilitumikaje: picha ya Prince ndani ya jarida, soko lilelile la Goldsmith.

"Tingatinga ni ya wote, chukua tu"

Hapa ukweli ni nusu, na ndiyo maana wengi hukosea. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaendeleza simba na ndege wale wa rangi kali za kupakia baiskeli. Mtindo hauna mwenyewe kisheria. Lakini mchoro aliomaliza mchoraji wa Oysterbay wiki iliyopita unaye mwenyewe, na ukiupiga picha ukauchapisha kwenye mikoba ya watalii bila kumuuliza, hujafanya takhmisa. Hakuna mshororo wako hata mmoja pale.

Yule binti aliniuliza baadaye: "Mjomba, mbona hukunipa lulu ya kweli?" Nikamwonyesha ya Vermeer kwa kuikuza kwenye simu: mipako michache ya rangi nyeupe, haina hata kindoano cha kuishikilia sikioni. Akaitazama sana, kisha akavua ya plastiki na kuanza kufungua kilemba. Kanga ya manjano ilikuwa ya bibi, na bibi alikuwa anaitaka.