Kwa nini tangawizi hukata maziwa ya chai?

Kuanzia Juni hadi Agosti kipupwe huwa kimetulia. Upepo wa kusi unavuma Lindi na Mikindani, na kule juu Newala, kwenye uwanda wa Makonde, watu hutoka asubuhi wamevaa masweta. Ndio msimu wa likizo ya katikati ya mwaka, wa Sabasaba, na wa Nanenane pale viwanja vya Ngongo. Nyumba zina wageni, na sufuria ya chai ya viungo haikauki jikoni.

Ndio msimu wa lawama pia. Mtu kabandika maziwa, kaponda tangawizi na kuitia, kageuka kukaanga vitumbua. Akirudi anakuta maziwa yamekatika: madonge meupe juu, maji ya rangi ya manjano chini. Anayelaumiwa ni muuza maziwa, kwamba kaleta ya jana. Mara nyingi hana kosa lolote.

Inayokata ni tangawizi yenyewe. Ndani ya tangawizi mbichi mna kimeng'enya kiitwacho zingibaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Maziwa yana protini inayoitwa kaseini. Hiyo hukaa katika vijidonge vidogo mno, jicho halivioni, na kila kijidonge kimezungukwa na kitu kama vinyweleo vinavyokizuia kisigandane na mwenzake. Kimeng'enya cha tangawizi hunyoa vinyweleo hivyo. Vijidonge vikibaki vipara hunasana, donge hukua, maji hujitenga. Jibini hutengenezwa kwa njia hiyohiyo, kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Na katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, watu hukata maziwa kwa tangawizi makusudi: humimina maziwa ya moto yenye sukari juu ya maji ya tangawizi mbichi, huyaacha bila kuyagusa, na baada ya dakika chache yameganda laini, yanaliwa kwa kijiko.

Mbona basi jana chai haikukatika, na leo, kwa tangawizi ileile na maziwa ya muuzaji yuleyule, imekatika? Jibu liko kwenye joto. Kimeng'enya hiki hufanya kazi kwa kasi zaidi karibu na nyuzi 60 za Selsiasi. Joto likipita 70 huanza kuharibika, na kwenye maji yanayotokota hakidumu. Sasa fikiria sufuria yenye maziwa baridi na tangawizi mbichi pamoja. Juu ya jiko la gesi lenye moto mkali, maziwa huvuka nyuzi 50 hadi 70 haraka, na pengine yakasalimika. Juu ya jiko la mkaa uliofifia hukaa kwenye joto hilo dakika kumi nzima, na hapo kimeng'enya kinapata nafasi yote kinayoitaka. Tangawizi changa yenye maji mengi, au iliyopondwa mno kwenye kinu, huongeza hatari kwa sababu utomvu mwingi zaidi unatoka.

Kwa hiyo tangawizi ichemke kwanza kwenye maji, peke yake na viungo vigumu, kabla haijaonana na maziwa. Kwa chai ya vikombe vinne, weka nusu lita ya maji kwenye sufuria. Tia kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, kimeoshwa na kupondwa, kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole kidogo, karafuu tatu na punje nne za pilipili manga zilizovunjwa. Usizidishe karafuu: mafuta yake hutia ganzi ulimini, na ikizidi chai hunuka kama dawa ya meno. Funika. Yakishaanza kutokota hesabu dakika saba. Maji yawe yanaruka kweli. Mvuke peke yake si ushahidi, kwa kuwa maji hufuka mvuke hata kwenye nyuzi 60, palepale tunapopakimbia.

Iliki isubiri. Harufu yake ni mafuta mepesi yanayopaa upesi, na ukiitia mwanzoni utaifurahia puani jikoni kuliko kikombeni. Ponda punje sita pamoja na maganda, uzitie dakika mbili kabla ya kuepua. Majani ya chai, vijiko viwili vya chai vilivyo sawa, yanatosha dakika tatu. Wengi huyaacha yachemke robo saa wakitafuta rangi; wanachopata ni ukakasi. Chai ikikosa nguvu, ongeza majani, muda uache.

Nusu lita ya maziwa ichemshwe kwenye sufuria nyingine. Kwa maziwa mabichi hilo ni lazima hata pasipo tangawizi, kwa ajili ya vijidudu. Yakiwa ya moto, yamimine kwenye chai inayotokota, koroga, acha vifure mara moja, punguza moto, acha dakika mbili, kisha chuja. Maziwa hayaji kwa ajili ya weupe tu: protini yake hushika ule ukakasi wa majani, na mafuta yake hubeba harufu ya viungo. Ndiyo maana chai ya maziwa mazito huhisiwa laini kooni.

Umefuata yote na bado yamekatika? Basi tafuta asidi. Maziwa yaliyoanza kuchacha huonekana mazima yakiwa baridi, lakini moto huyaumbua. Ndimu, ukwaju na choya hukata maziwa hata yakiwa ya leo asubuhi. Sukari guru nayo ina asidi kiasi. Itie baada ya kuepua, chai ikiwa imetulia. Mchaichai husingiziwa bure: unanukia kama limau lakini hauna uchachu, na hauwezi kukata maziwa. Ufunge fundo na uutie pamoja na iliki.

Ukitaka kujua mkosaji, chemsha vijiko vitatu vya maziwa yale peke yake kwenye kisufuria kisafi. Yakikatika, tatizo ni maziwa au chombo yalimohifadhiwa. Mabaki ya maziwa ya jana kwenye ukingo wa chombo hicho yanatosha kuharibu lita nzima. Yakichemka salama, tatizo ni tangawizi au kitu chenye asidi. Chai iliyokatwa na tangawizi, kama maziwa yalikuwa mazima, haina madhara: ichuje, uinywe. Lakini haitarudi kuwa laini, hata uikoroge vipi. Ikinuka uchachu, mwaga.

Tangawizi kavu ya unga ni habari nyingine. Kimeng'enya hakistahimili kukaushwa na kukaa muda mrefu, hivyo mara chache unga hukata maziwa. Ila ni mkali zaidi: ikikauka, sehemu ya kile kinachowasha kwenye tangawizi mbichi hugeuka kuwa kitu kinachowasha maradufu. Nusu kijiko cha chai kinatosha kwa vikombe vinne, nao pia uuchemshe kwenye maji, usije ukabaki chengachenga kikombeni.

Na ambaye siku hiyo hakupata maziwa, nazi ipo. Tui halina kaseini, hivyo tangawizi haina cha kukata humo. Tatizo la tui ni jingine: likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hutengana, mafuta yakaelea juu. Tumia kikombe kimoja cha tui zito mahali pa nusu lita ya maziwa, ongeza kikombe kimoja cha maji kwenye viungo tangu mwanzo, na ulitie mwishoni kabisa moto ukiwa mdogo, ukikoroga upande mmoja hadi chai ianze kuchezacheza pembeni ya sufuria. Hapo epua. Chai hii inywewe ikiwa mpya. Ndani ya chupa ya chai mafuta yake hupanda juu, na kikombe cha kwanza kitakuwa na mafuta matupu.