Mpango shirikishi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi: maana yake kijijini

Kuhimili si kupunguza. Kupunguza ni kuzuia hewa ukaa isizidi kujaa angani. Kuhimili ni kujua utalima, utafuga na utapata maji vipi sasa kwa kuwa mvua zimeshabadilika. Mpango wa kuhimili huwa shirikishi pale wanakijiji na halmashauri wanapoamua pamoja kipi kitangulie, na uamuzi huo ukaonekana kwenye bajeti. Tunalisema hili kwa sababu neno "kushirikishwa" limechakaa. Watu huitwa, husomewa mradi, hutia saini mahudhurio, basi. Hapo wamearifiwa tu.

Kazi huanza na kalenda ya misimu, inayochorwa hata kwa majivu chini ya mti. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tuna kifuku, yaani msimu wa mvua, kimoja tu: Novemba hadi Aprili au Mei. Wazee hueleza mvua za kwanza zilikuwa zikifika lini, afisa ugani huleta takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Zikipishana, asikimbilie kumkosoa mzee: huenda kituo kiko bondeni na kijiji kiko mlimani.

Kisha makundi hukaa mbalimbali. Iringa na Njombe, ukiwasikiliza wanaume peke yao, suala la vinyungu linaweza kupita bila kutajwa, ilhali bustani hizo za mabondeni ndizo zinazolisha nyumba nyingi kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo lazima watu waende bondeni wakaone: kinyungu kipi kimekalia chemchemi, kipi kinasogezeka, na milingoti (mikaratusi) inayonyonya maji hapo ni ya nani? Amri ikitoka bila mazungumzo hayo, haimwambii mtu atakula nini Septemba.

Matatizo hupangwa kwa kulinganishwa mawili mawili. Yakiwa sita, ni milinganisho 15. Ni kazi ya kuchosha, lakini humnyima mwenye sauti kubwa nafasi ya kuamua peke yake.

Maji nayo hayajui mpaka wa kijiji. Mito ya milima ya Mbeya na Njombe hushuka bonde la Usangu, hunywesha mpunga wa Mbarali, kisha ardhioevu ya Ihefu, ndipo mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 hukauka kiangazi. Kijiji kikijijengea banio, yaani kizuizi cha kuchepusha maji ya mto kwenda mferejini, bila kuhusisha Jumuiya ya Watumia Maji na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, kimemhamishia jirani ukame.

Kinachoua mipango mingi ni tarehe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti huanza kupikwa miezi mingi kabla. Kipaumbele kilichopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji mwezi Aprili kimeshachelewa, husubiri zaidi ya mwaka. Fedha nazo zikifika Desemba, mfereji hauchimbiki, umejaa tope.

Muhtasari wa mkutano usiandike "kuboresha umwagiliaji". Uandike banio lipi, mita ngapi za mfereji wa kusakafiwa, kabla ya mwezi gani, na wananchi watachangia mawe na mchanga kiasi gani. Kamati ya Maendeleo ya Kata au Baraza la Madiwani wakikata kipengele, sababu ibandikwe kwenye ubao wa kijiji na isomwe mkutano unaofuata. Waliokwisha kusomba mawe wana haki ya kuisikia.